Mpikaji Bia Aliyejiita Mwanafunzi

Kila mwaka wanafunzi wetu wa vyuo vikuu, wawe wa kilimo, wa saikolojia au wa isimu, hutumia kipimo cha takwimu kiitwacho kipimo-t cha Student. Wengi hudhani neno hilo ni nomino ya kawaida, yaani mwanafunzi yeyote yule. Sivyo. Ni lakabu ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mpikaji bia.

William Sealy Gosset alizaliwa mjini Canterbury, Uingereza, mwaka 1876. Alisomea kemia na hisabati huko Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha Guinness mjini Dublin. Siku hizo wajuzi wa bia walitegemea jicho, pua na ulimi. Maua ya hopsi, ambayo huipa bia uchungu na harufu yake, yalikaguliwa sura na kunuswa. Lakini Guinness ilinunua shehena kubwa mno, tena ilitaka kila pipa lifanane na jingine. Pua ya mtu, hata iwe stadi namna gani, haikutosha.

Basi wakaanza kupima, na hapo ndipo Gosset alipokutana na tatizo lililomfanyia jina. Sampuli zilikuwa chache, pengine nne au tano, kwani shayiri huvunwa mara moja kwa mwaka. Kanuni za takwimu zilizokuwapo ziliwafaa watu wenye mamia ya vipimo. Mwenye vipimo vinne hana hakika ya wastani. Zaidi ya hayo, hata kiasi cha vipimo hivyo kutofautiana hakijui vyema. Akizitumia kanuni zile, atajiamini kupita haki.

Mwaka 1906 kampuni ilimpeleka London kusoma kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa enzi hizo. Pearson, aliyezoea data tele, hakulijali sana suala la sampuli ndogo. Gosset hakukata tamaa. Mwaka 1908 alichapisha katika jarida la Biometrika makala iliyoonyesha shaka hiyo yaweza kukadiriwaje. Katika majedwali ya leo, mwenye data tele akitaka uhakika wa 95 kwa 100 huzidisha kosa sanifu kwa 1.96, mwenye vipimo vinne hana budi kuzidisha kwa 3.18. Huo ndio ushuru wa uchache.

Kampuni, ikichelea siri zake, haikuruhusu wanasayansi wake kuchapisha kwa majina yao. Gosset akachagua kuitwa Student. Sisi tunaogombania jina la nani litangulie juu ya makala tungeona huo ni uonevu, na mimi nauona hivyo. Lakini yeye aliendelea kuandika kwa lakabu hiyo, huku akizunguka mashamba ya Ireland kulinganisha mbegu za shayiri. Kwa hulka alikuwa mpole. Pearson na Ronald Fisher, mahasimu wakubwa, wote wawili walibaki rafiki zake.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Park Royal. Mwaka 1937 alipandishwa cheo kuwa mpikaji mkuu wa Guinness, na Oktoba mwaka huo huo akafariki, akiwa na umri wa miaka 61. Makala zake zilikusanywa kitabuni mwaka 1942. Kichwani mwa kitabu hicho jina lililoandikwa lilikuwa lile lile, Student.