Fundi wa bati, kitabu cha treni na 5G yako

Ukiwa Mbumbuni kule Makueni na unaskia watu wakisifu 5G, unadhani ni mambo ya juzi, sivyo? Basi mjue Jagadish Chandra Bose, aliyezaliwa Bengal mwaka 1858, India ikiwa chini ya Mwingereza.

Jamaa alisoma Cambridge, akarudi 1885 kufundisha fizikia Presidency College, Calcutta. Wakataka kumlipa chini ya Mwingereza wa kazi ileile. Akakataa. Alifundisha miaka mitatu bila kugusa mshahara, hadi wakamlipa malimbikizo yote.

Maabara ya maana hakuwa nayo. Alikuwa na kachumba na fundi wa bati, jua kali kabisa. Humo alizalisha mawimbi ya redio mafupi hadi milimita 5, yaani gigahezi 60. Mwaka 1895 aliwaonyesha watu mawimbi yake yakipenya kuta, yakagonga kengele na kulipua baruti upande wa pili. Kuyachuja je? Alichukua kitabu cha ratiba za treni, akapachika karatasi za bati kati ya kurasa. Mawimbi yanayotikisika upande mmoja yanapita, mengine yanakwama.

Leo wahandisi wanachonga vichujio vya mawimbi kama hayo ndani ya chipu za silikoni, wakitumia mwanga. Bose alishapata hataza Marekani mwaka 1904, ya kifaa cha kunasa mawimbi kwa jiwe la galena, ambalo hupitisha umeme nusunusu kama silikoni. Alifariki 1937.

Sasa wewe unayengoja maabara kubwa ndio uanze, fundi wa bati wa mtaani kwenu umemtembelea lini?