Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwanzilishi wa Aljebra

Miongoni mwa wanavyuoni waliotukuka katika elimu ya hesabu ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa yapata mwaka 780, na nisba yake yatokana na Khwarazm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Baitul Hikma, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 hata 833.

Kwa kutiwa moyo na Khalifa huyo, alitunga kitabu cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Alikusudia kuwafaa watu katika mambo yasiyowaepuka: mirathi, wasia, ushirika, madai, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi, kwani mwenye kukosea hesabu humdhulumu yatima hata kama nia yake ni njema.

Hakutumia herufi wala alama. Yote aliyaeleza kwa maneno. Mfano wake mashuhuri ni huu: mraba wa kitu, ukijumlishwa na kitu hicho mara kumi, hupatikana 39. Je, kitu hicho ni ngapi? Alichora mraba, akaigawa kumi mafungu mawili ya tano, akayaambatisha kwenye pande mbili za mraba. Pembeni pakabaki pengo la tano kwa tano, yaani 25. Alipoliziba, 39 ikawa 64, ambayo ni mraba wa nane. Ukitoa tano katika nane, kitu ni tatu.

Mwanafunzi wa leo huichanganua x² + 10x − 39 kuwa (x + 13)(x − 3), akaipata tatu ile ile. Hupata pia −13, ambayo al-Khwarizmi hakuihesabu, kwa kuwa ubavu wa mraba hauwi pungufu ya sifuri.

Alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza kwacho. Jina la kitabu likazaa neno aljebra; jina la mtungaji likazaa algorithimu, utaratibu unaofuatwa na kompyuta. Basi kijana aonaye somo hili zito na lisilo faida, na akumbuke kwamba liliandikwa ili kila mwenye haki apate fungu lake kamili.