Steury: Tabibu wa Tenwek aliyeupima wito wake upya

Yapo maisha ambayo thamani yake haionekani katika vyeo wala mali, bali katika swali ambalo mwenyewe hakuacha kujiuliza: kazi hii naifanyia nini? Miongoni mwa walioishi hivyo ni marehemu Dkt Ernest Steury, Mmarekani aliyetumikia Hospitali ya Tenwek, Bomet, kwa zaidi ya miongo mitatu hadi jina lake likawa mashuhuri katika nchi ya Wakipsigis.

Steury alikulia katika familia ya wakulima karibu na mji mdogo wa Berne, jimbo la Indiana. Angali kijana aliamini kwamba Mungu alimtaka awe tabibu wa watu wasio na tabibu. Alisoma katika Chuo cha Asbury, Kentucky, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka wa 1959 aliwasili Tenwek pamoja na mkewe, Sue, chini ya shirika la kimishenari la World Gospel Mission.

Kenya wakati huo ilikuwa ingali koloni, na Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho. Upande wa Kericho, mashamba ya majani chai ya kampuni za kigeni yalikuwa yametanda vilimani, katika ardhi ambayo wenyeji wengi walikuwa wamefurushwa. Tenwek palikuwa na zahanati iliyoendeshwa na wauguzi. Steury ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza kukaa hapo, na kwa miaka mingi alibeba peke yake mzigo wa upasuaji, uzazi na matibabu ya kila aina.

Wagonjwa walifurika wodini, wengine wakilala wawili kitandani. Hapo ndipo penye mtego kwa mtu mwenye bidii. Kazi ikizidi, ni rahisi kuamini kwamba kuchoka kwenyewe ni ushahidi wa kuishi kwa kusudi, na siku zikapita bila mtu kutazama anakoelekea.

Hata hivyo, wodi zenyewe zilikuwa na la kusema. Mtoto alitibiwa kuhara, akarudi katika boma lile lile, akanywa maji ya mto ule ule, na baada ya muda akaletwa tena. Maradhi mengi yangezuiwa kwa maji safi, vyoo na chanjo. Ikiwa wito ulikuwa afya ya watu, basi kungoja wagonjwa mlangoni hakukutosha. Mnamo 1983 hospitali ilianzisha mpango wa afya ya jamii, ambapo wanavijiji walifunzwa ili nao wawafundishe jirani zao.

Suala la umeme nalo lilihitaji fikira mpya. Mto Nyangores uliporomoka karibu na hospitali miaka nenda miaka rudi, ilhali jenereta zilikuwa zikila dizeli ya bei ghali. Mwaka wa 1987 mtambo wa kuzalisha umeme kwa nguvu za maji hayo ulianza kazi.

Jambo gumu zaidi, pengine, lilikuwa kuwaachia wengine kazi. Daktari aliyezoea kuitwa usiku na mchana huweza kujiona hana mbadala. Tenwek iligeuka mahali pa kuwafunza wauguzi na madaktari Wakenya. Kila aliyehitimu alipunguza haja ya kuwepo kwa mgeni, na huko kupungua ndiko kulikokuwa kutimia kwa kazi.

Msingi wa hayo ulikuwa imani. Tenwek, sala ilitangulia upasuaji, kwa itikadi kwamba binadamu hutibu lakini uponyaji hutoka kwa Mungu. Anayeamini hivyo hupata nafasi ya kujihoji, kwa kuwa hajioni kuwa ndiye chanzo cha uzima wa mwenziwe.

Haifai, hata hivyo, kumfanya malaika. Wakipsigis walikuwa na waganga wao na kerichek, yaani dawa zao, kabla ya mishenari yeyote kuwasili. Hospitali haikuweza kuwarejeshea ardhi waliopokonywa. Wito wa mtu mmoja una mipaka, na kuijua mipaka hiyo ni sehemu ya hekima.

Steury alifariki mwaka wa 2002. Hospitali aliyoikuta ikiwa zahanati sasa ni hospitali ya rufaa; hufunza wapasuaji na hufanya upasuaji wa moyo, hasa kwa vijana walioathiriwa na homa ya baridi yabisi. Wengi wanaotibiwa humo hawakumwona kamwe. Lakini yeyote anayefanya kazi kwa bidii, awe mchuma chai Kericho, mwalimu Sotik au karani jijini Nairobi, aweza kuazima desturi yake: kutua mzigo kwa muda, kunyamaza, na kuuliza kama njia anayoipita ingali inaelekea kule alikokusudia.