Lord Delamere: Mfugaji Mlowezi wa Nyanda za Juu za Kenya

Mtahiniwa, bila shaka unakumbuka mfumo wa ubugabire uliokuwapo Buha, yaani Kasulu, Kibondo na maeneo jirani. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mwenzake ng'ombe. Aliyepokea alipata maziwa na mbolea, naye akalipa kwa utumishi. Mamlaka yalitokana na ng'ombe. Sasa soma maisha ya mfugaji ambaye mamlaka yake yalitokana na ardhi.

Hugh Cholmondeley, maarufu kama Lord Delamere, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwaka 1897 alifika nyanda za juu za Kenya akitokea Somalia na msafara wa ngamia. Mwaka 1903 alirudi kuishi huko, na serikali ya kikoloni ikampangisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kondoo wake walikufa kwa sababu nyasi za Njoro zilikosa madini muhimu. Ng'ombe wa kigeni waliuawa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Alipogeukia ngano, ikashambuliwa na kutu. Hakukata tamaa. Aligharimia utafiti wa mbegu zinazostahimili kutu, akaendeleza ufugaji Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Mwaka 1925 alishiriki kuanzisha ushirika wa maziwa wa KCC. Alifariki mwaka 1931 akiacha madeni makubwa.

Lakini usiishie hapo. Jiulize: ardhi ile ilipatikanaje? Kwa mkataba wa 1904, Wamasai waliondolewa Bonde la Ufa. Baadhi walipelekwa Laikipia, na baada ya mkataba wa 1911 wakahamishwa tena kwenda kusini. Delamere alijifunza Kimasai na kuwaajiri Wamasai wachunge mifugo yake, huku akiongoza walowezi kudai nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Nayo kodi iliwasukuma Waafrika wengi kufanya kazi katika mashamba ya walowezi kwa ujira mdogo.

Zingatia: Ukiulizwa kuhusu uchumi wa walowezi, usitaje juhudi zao tu. Eleza pia ardhi, nguvukazi na sera za serikali zilizowabeba.

Swali la kujipima: Linganisha nafasi ya mchungaji katika ubugabire na nafasi ya mchungaji Mmasai katika shamba la Delamere. Toa hoja tatu.