Khalifa Umar na Kilio cha Mtoto Mchanga

Jina la Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, si geni kwa wasomaji wetu. Wengi wamjua kwa ushujaa na uadilifu wake. Lakini iko habari moja ya maisha yake ambayo yafaa kila mzazi aikumbuke.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Adi, wa Makureshi. Mwanzo aliupinga Uislamu, kisha akasilimu na kuwa miongoni mwa masahaba wakubwa wa Mtume (S.A.W.). Mwaka 634 alishika ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar. Wakati wake Shamu, Iraki na Misri ziliingia katika dola ya Kiislamu, na mali nyingi ikafika Madina. Ndipo alipoanzisha Diwani, yaani daftari la majina ya watu na posho zao kutoka Baitul Mali. Watoto nao waliandikwa, ila kwa sharti moja: mtoto awe amekwisha kuachishwa ziwa.

Ibn Saad asimulia kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina. Khalifa na Abdurrahman bin Auf wakaenda kuulinda. Mara akasikia mtoto akilia. Akamwendea mamake, akamsihi amche Mungu na amtunze mwanawe. Akarudi mahali pake, lakini mtoto akalia tena, naye akamwendea tena. Usiku ulipokuwa ukiisha, kilio kikazidi, akauliza sababu. Yule mama, asijue asema na nani, akajibu kuwa amwachisha ziwa kwa nguvu, kwani Umar hamwandikii posho mtoto anyonyaye. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi tu.

Alfajiri ile Khalifa alisalisha watu huku akilia, hata kisomo chake hakikufahamika vyema. Alijilaumu kwa watoto waliopotea kwa ajili ya sharti lake. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa. Amri hiyo akaipeleka katika miji yote. Posho ya mtoto mchanga ilikuwa dirham 100, na akikua ikafikia 200.

Mwaka 644 alichomwa jambia akisalisha Alfajiri, akafa na kuzikwa Madina.

Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Madaktari nao leo washauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi, kwani maziwa hayo humkinga na kuhara na maradhi mengine.

Basi, msomaji, sharti lile lilionekana dogo daftarini, kumbe nyumbani lilimnyima mtoto ziwa. Anayetaka kusaidia wazazi na aende kwanza akawasikilize.