Bibi Salme: Binti wa Sultani Aliyeandikwa Emily

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu walinishauri niandike juu ya mwanasiasa. Mimi nikaona la, wanasiasa wameandikwa vya kutosha. Nimemchagua mwanamke aliyeondoka Zanzibar kwa sababu ya ndoa, akaenda kuishi ugenini kwa jina jingine kabisa. Sisi wa Garissa tutamwelewa upesi, kwa maana hapa hakuna mtaa usio na binti aliyeolewa ng'ambo.

Jina lake alilozaliwa nalo ni Salme binti Said bin Sultan. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake ndiye Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mamake alikuwa suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Siku hizo wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kuandika kwa siri, peke yake. Hebu fikiri, mtu anajificha ili ajifunze, nasi tunajificha tusifanye insha!

Babake alikufa mwaka 1856 akiwa safarini baharini, mamake akafuata mwaka 1859 kwa kipindupindu. Mwaka huohuo ndugu zake wakagombana. Barghash alitaka kumpindua Majid aliyekuwa sultani, na Salme, kwa vile alijua kuandika, akawa karani wa upande wa Barghash. Walishindwa. Baadaye akapatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau.

Sasa ndipo akaja jirani. Heinrich Ruete alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Nyumba zao mjini zilikaribiana, wakajuana, wakapendana. Mwaka 1866 Salme akawa mjamzito. Hapo mambo yakawa mazito kwelikweli. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamke Mwislamu haozwi mwanamume Mkristo, kwa hiyo hapakuwa na kadhi Unguja yote wa kuwafungisha ndoa. Si suala la ukali wa kadhi. Ndoa yenyewe isingekuwa ndoa. Usiku wa Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Aden.

Aden ilikuwa chini ya Waingereza. Alikaa huko kwa mume na mke Wahispania aliowajua tangu Zanzibar, na mwezi wa Desemba akajifungua mtoto wa kiume. Ruete hakuweza kuja mara moja. Alipofika, mambo yote yalifanywa siku moja, tarehe 30 Mei 1867: Salme alibatizwa, akaitwa Emily, akafungishwa ndoa, na siku hiyohiyo wakapanda meli kwenda Ulaya. Asubuhi alikuwa Salme binti Said, jioni ni Emily Ruete. Dini, jina lake na jina la babake vilibadilika kwa siku moja. Mtoto wao mchanga alifia njiani, huko Ufaransa.

Niseme kidogo kuhusu jina. Kwetu Wasomali mwanamke akiolewa haachi jina la babake. Yeye ni binti wa fulani bin fulani mpaka kaburini, na ukoo unahesabiwa hapo. Binti ya shangazi yangu aliolewa na mtu anayekaa Marekani. Cheti cha kadhi kiliandika Fadumo, pasipoti iliandika Fatuma, na fomu ya ng'ambo ilitaka jina la ukoo, jambo ambalo sisi hatuna kwa namna ile. Afisi moja, ambayo sitaitaja, ikamrudishia karatasi mara tatu. Kila mara shangazi alikuwa akiuliza, kwani hawa watu wanadhani ni wasichana wawili? Herufi mbili tatu tu na mtu anakaa mbali na mumewe zaidi ya mwaka. Basi nilipofika mahali pa Aden katika maisha ya Salme, nilisimama kusoma.

Huko Hamburg maisha hayakuwa rahisi. Baridi, lugha, watu kumkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Mwanzoni lugha aliyozungumza na mumewe ilikuwa Kiswahili. Naam, Kiswahili, nyumbani Hamburg! Walipata watoto watatu, nao wakapewa majina mawilimawili: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza.

Agosti 1870 Ruete alikanyagwa na tramu, akafa. Salme akabaki mjane wa miaka 25 na watoto wadogo watatu, katika nchi ambayo mjane hakuachiwa kusimamia mali yake mwenyewe. Pesa zikapungua, akahama mji hadi mji, akafundisha Kiarabu apate riziki.

Kwa nini hakurudi kwao? Alijaribu. Barghash alikuwa sultani tangu 1870, na kwake dada huyu aliyeacha dini hakuwa na haki ya kurithi Mwislamu. Mwaka 1885 Bismarck alimpeleka Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani. Msidhani Bismarck alimhurumia. Alitaka bara la Tanganyika, na mjane mwenye uraia wa Kijerumani anayedai urithi alikuwa kisingizio kizuri. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, madai ya Salme yakawekwa kando. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoonewa zaidi: Ujerumani ilimwita raia ilipomhitaji tu. Alirudi tena 1888, baada ya Barghash kufa, akaondoka mikono mitupu. Kisha akaishi miaka mingi Yafa na Beirut.

Mwaka 1886 alikuwa ametoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya maisha kuandikwa na mwanamke Mwarabu. Ndani yake aliutetea utumwa, na hilo lisifichwe.

Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kwenye makaburi ya Ohlsdorf pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar alichokuwa amekitunza. Mwanawe aliunganisha majina yake mawili kwa kistari, akajiandika Said-Ruete, na jina la babu likarudi kwenye karatasi.

Mwaka 2019 Hamburg iliuita uwanja mmoja kwa jina la Emily Ruete, halafu ikaamuliwa jina liondolewe kwa sababu ya yale aliyoandika juu ya utumwa. Mwalimu wetu amesema tutajadili jambo hilo kwenye mdahalo wa klabu muhula ujao. Mimi nimeshajiandikisha upande wa kuliacha jina, ila nitadai liwe Salme binti Said. Anayetaka kunipinga aje na hoja zake.