Tatu, munganga aliyepita kwetu Fizi

Picha ya Che Guevara mnaionaka ku mashati, ndugu wachimbaji. Wengi wanamujua kama mutu wa bunduki. Wachache wanajua kama alikuwa munganga, na kwamba aling'oa meno ya watu.

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, inchi ya Argentina, mwaka 1928. Pumu ilimushika tangu utoto. Mwaka 1952, mbele ya kumaliza masomo, alizunguka Amerika ya Kusini na rafiki yake. Kule Chile, njiani kuelekea mugodi wa shaba wa Chuquicamata, walikuta mchimbaji mumoja na bibi yake wanatetemeka ku baridi ya usiku, bila hata blanketi. Bwana yule alikuwa ametoka gerezani sababu ya siasa. Wakawapa blanketi lao moja. Mimi mutu wa sendika, habari hiyo inanigusa kuliko za vita. Mwaka 1953 akawa daktari, kule Buenos Aires.

Ku Cuba, ndani ya milima ya Sierra Maestra, daktari wa meno hakukuwa. Guevara akakamata koleo. Dawa ya ganzi ilikosekana, basi mugonjwa akilia sana alimutukana mupaka anyamaze. Jino la mpiganaji mumoja lilimushinda kabisa, likabaki pale mupaka vita ikaisha.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1965 akavuka ziwa toka Kigoma, akashuka Kibamba. Jina lake sasa lilikuwa Tatu. Pale alisaidia ku dispensere: magonjwa ya zinaa, pombe kali, homa. Alifika Fizi pia.

Mwaka ule ule 1965, mbali sana, Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Danemark, walitoa matokeo ya kazi yao. Waliomba watu 12 wenye meno mazuri waache kuyasafisha. Kisha siku 10 mupaka 21, ufizi wa wote ulivimba. Waliporudilia kupiga mswaki, ukapona karibu juma moja. (Ndiyo, nyama inayoshika meno, ikiwa nyingi, inaitwa kama territoire yetu: fizi.)

Mambo inaendaka hivi. Vijidudu vinajenga utando pale jino linapokutana na ufizi. Chembe za ufizi zinavitambua, zinatoa alama ya hatari. Mishipa inapanuka, damu inakuja mingi: ndiyo wekundu na damu unayotema asubuhi. Chembe nyeupe zinatoka kupigana. Utando ukiondolewa, vita inaisha. Ukibaki miezi na miaka, alama zile zile zinaamsha chembe zinazokula mfupa wa taya. Ni mwili wetu wenyewe unaobomoa nyumba ukifukuza mwizi. Mara nyingi haiumi. Mfupa ukishaenda haurudi wenyewe, na jino zima, bila tundu hata moja, linaanza kutikisika.

Kwa hiyo koleo la Tatu lilikuwa kazi ya mwisho, ya mutu aliyechelewa kufikiwa. Kwetu ku Misisi bado tunangoja koleo. Damu ikitoka tunasema ni mswaki mugumu, tunaacha mswaki, na utando unazidi. Na wenzetu wanaochoma dhahabu na zebaki wajue: moshi wake nao unaweza kuvimbisha fizi na kutikisa meno, na hapo mswaki peke yake hautoshi, lazima kuacha moshi na kuona munganga.

Tatu hakufaulu kwetu. Mwisho wa mwezi wa tisa askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua; kisha Fizi nayo ikaanguka. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja akarudi ng'ambo ya ziwa, mwembamba, ametoka ku kuhara damu. Aliuawa La Higuera, Bolivia, tarehe 9 mwezi wa kumi 1967, akiwa na miaka 39.